Masala ya Kuuza Baruti na Fataki Zinapoadimika

Twaanza kwa jina lake Mwenyezi Mungu, twamhimidi na twamshukuru, na twamsalia Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake.

Amma baad. Tumeletewa swali hapa kwetu Pemba, na kwa kuwa wenye kuliuliza si mmoja, tumeona bora jawabu yake ichapwe, ili ajuaye kusoma amsomee asiyejua. Swali lenyewe ni hili.

Mtu ana bunduki yake na cheti chake cha dola. Nyumbani mwake mna baruti, na marisau, na fataki, na maganda ya viasi vilivyokwisha pigwa, ambayo yeye huyajaza tena kwa mkono wake. Vitu hivi alivinunua zamani, bei ikiwa nyepesi. Sasa vimeadimika, dukani havipo, na aliye navyo hasemi. Watu wamjia. Mmoja ni jirani yake, naye ana cheti vile vile, na shamba lake la muhogo limepakana na msitu. Nguruwe wamelifukua hata hakusalia kitu. Wa pili ni mgeni aliyekuja kwa mashua, ataka vyote asibakishe, na bei atoa mara nne. Wa tatu ni jamaa yake wa damu, asema, "Niuzie kidogo niweke, maana uchaguzi waja na mtu hajui la kesho." Naye mwenye mali ana shamba lake na watoto wake, akitoa vyote atabaki na mtutu mtupu. Je, ana ruhusa kuvizuia? Na akiuza, auze kwa bei gani, na amwuzie nani?

Kwanza yatupasa kujua uadimu huu hutoka wapi, kwani wako wasemao kila kikipotea kitu dukani ni hila ya wenye maduka. Baruti na fataki hazifanywi kisiwani petu. Huja kwa meli, na meli hufuata vita na hofu za watu walio mbali. Mwaka 2020, yalipoingia maradhi ya korona, watu wa Marekani walishikwa na khofu wakanunua viasi na fataki kwa wingi hata wajazao kwa mikono yao wakakosa kabisa. Kisha Februari 2022 vikaanza vita vya Ukraine, na mataifa makubwa yakaagiza baruti kwa ajili ya majeshi yao. Mtu wa Konde au Micheweni hana habari na hayo, lakini yeye ndiye wa mwisho katika safu, na safu ikikatika mbele, wa nyuma hapati.

Sasa na tuingie katika hukumu.

Ama kuzuia, wanavyuoni hukuita ihtikari, na sisi kwa lugha yetu twasema kuhodhi. Neno "ulanguzi" kila mtu alijua tangu 1983, serikali ilipowasaka walanguzi Bara. Lakini ulanguzi wa magazetini na ihtikari ya vitabu vya fiqhi si kitu kimoja, na watu wengi huvichanganya. Katika Sahihi ya Muslim imepokewa na Maamar bin Abdillahi ya kwamba Mtume (s.a.w.) amemhukumu mwenye kuhodhi kuwa ni mkosa. Aliyeipokea kwake ni Said bin Musayyab, tabii mkubwa wa Madina. Ajabu ni kuwa Said mwenyewe alikuwa akihodhi! Akaulizwa, akajibu kuwa hata Maamar aliyeisimulia hadithi hiyo alikuwa akihodhi. Mtu wa haraka akisikia hayo atawadhani vibaya watu wawili wema. Lakini maimamu wetu wameeleza kuwa walichokiweka wale ni mafuta na mfano wake, wala si chakula ambacho watu wamekihitajia. Nao walifahamu kuwa makatazo yako katika chakula.

Na hilo ndilo lililothibiti katika madhehebu ya Imam Shafii. Ihtikari iliyo haramu ni mtu kununua chakula wakati kimepanda bei, asikinunue kwa kula bali kwa biashara, kisha akifungie ghalani apate kukiuza kwa bei iliyo kubwa zaidi, na watu wana haja nacho. Aliyenunua wakati wa rakhisi akaweka, au aliyevuna shambani mwake akaweka, huyo hakuingia. Wala hakuingia awekaye kwa matumizi ya nyumba yake, kwani imesihi ya kwamba Mtume mwenyewe alikuwa akiwawekea ahali zake chakula cha mwaka.

Basi kwa dhahiri ya hukumu, mwenye swali letu ni huru. Baruti si chakula, tena aliinunua bei ikiwa nyepesi. Akiifungia haandikiwi dhambi ya ihtikari, na atakayemwita mhodhi mbele za watu amemsingizia.

Lakini usifunge kitabu hapo, ndugu yangu. Imam Ghazali katika Ihya ametaja vitu visivyokuwa chakula hasa lakini vyasaidia chakula au husimama mahali pake, akaonyesha kuwa ni mahali pa kufikiriwa. Na sisi Wapemba yatupasa kufikiri zaidi, kwani kwetu muhogo ndio akiba ya maskini. Wajapani walipoutwaa mji wa Rangoon mwezi wa Machi 1942, mchele wa Burma ulikatika, na watu wa visiwa hivi wakarejea katika muhogo na ndizi. Mwenye shamba la karafuu na asiye na karafuu wote walikula muhogo. Na adui wa muhogo ni nguruwe wa mwitu, ambaye husemwa aliletwa na Wareno. Na kwa kuwa sisi hatumli, hana wa kumpunguza ila kwa kumsaka kwa mbwa na mikuki, au kwa mitego, au kwa bunduki. Mtu mmoja mzee hawezi kukimbia na mbwa usiku. Baruti ya kiasi kimoja kwake ni ua wa shamba. Kwa hivyo mimi siwezi kusema kuifungia baruti ni haramu, maana madhehebu haikusema. Lakini aifungiaye akimwona jirani yake afukuliwa shamba, naye anayo iliyozidi haja yake, simwoni kuwa amesalimika. Karaha iko, na karaha si kitu cha kuchezea.

Na haja yake mwenyewe ni ngapi? Hapa watu hujidanganya, kwani kila mtu haja yake haina mwisho. Mimi nampa kipimo kilichotajwa juu, yaani mwaka. Ahesabu mwaka uliopita alipiga viasi vingapi shambani kwake, aweke kadiri hiyo kwa mwaka ujao, na aongeze kidogo akipenda. Kilichozidi hapo ni biashara, si haja, na asikiite haja.

Ama bei. Watu walikuja kwa Mtume wakamlalamikia kuwa vitu vimekuwa ghali, wakamtaka awawekee bei. Hakukubali, akawajulisha kuwa mwenye kupandisha na kushusha ni Mungu, na kwamba yeye apenda kukutana na Mola wake pasiwe na mtu amdaiye dhuluma ya damu wala ya mali. Kwa hadithi hii iliyopokewa na Anas, maimamu wetu wameshika kuwa mtawala hana haki ya kumwekea mtu bei ya mali yake, hata katika ghali, kwa kauli iliyo sahihi. Basi akiuza kwa bei ya leo, nayo ni mara mbili au mara tatu ya ile aliyonunulia, na mnunuzi ajua na ameridhika, mauzo ni sahihi na fedha ni halali yake. Nalisema hili kwa wazi, kwani wako waalimu, Mungu awarehemu, ambao hukemea kila faida iliyo kubwa kama kwamba ni riba. Faida si riba. Riba ina mlango wake.

Kuna kisa alichokitaja Imam Ghazali cha Sari Saqati, aliyekuwa mcha Mungu na mfanya biashara katika Baghdad. Alinunua lozi kwa dinari 60, akaandika katika daftari lake kuwa faida yake ni dinari 3 tu. Lozi zikapanda hata 90. Akaja dalali kutaka kununua. Sari akamwambia, "Zitwae kwa 63." Dalali naye alikuwa mtu mwema, akasema, "Lozi leo ni 90." Sari akasema, "Nimefunga ahadi na Mungu sitauza ila kwa 63." Dalali akasema, "Nami nimefunga ahadi simghushi Mwislamu, sinunui kwako ila kwa 90." Basi huyu hakununua na yule hakuuza.

Kisa hiki husomwa misikitini na watu hulia, na ni haki yao. Hata mimi nikikisoma hunipendeza. Lakini hebu utazame mwisho wake: lozi zilibaki ghalani. Katika lozi hapana neno, mtu halali njaa kwa kukosa lozi. Katika baruti ya mwenye shamba, uchaji wa namna hiyo ungemwacha nguruwe ashibe. Kwa hivyo atakaye fadhila na achukue kwa Sari ile niya, asichukue mwisho wa kisa. Apate faida ya wastani, mali itoke mkononi mwake, ifike kwa mwenye haja. Na mnunuzi akiwa maskini asiyeijua bei ya leo, amwambie bei ya leo na bei aliyonunulia yeye, kisha wapatane. Kumficha mnunuzi asiyejua ndiko kunakoharibu.

Sasa ni lile lililo zito, nalo ni la nani wa kuuziwa. Juu ya hili nitarefusha kidogo, kwani naona watu wa swali wameshughulika na bei kuliko mnunuzi, na mimi naona kinyume chake.

Imam Bukhari katika kitabu chake amefungua mlango wa kuuza silaha katika fitina na katika wakati usiokuwa wa fitina, akataja kuwa sahaba Imran bin Husain alichukia kuiuza katika fitina. Kisha chini yake akaleta hadithi ya Abu Qatada, aliyeipata deraya katika vita vya Hunain, akaiuza, akanunua kwa thamani yake bustani katika Bani Salima. Nayo ndiyo mali ya kwanza aliyojipatia katika Uislamu. Tazama ufundi wa Bukhari: kwa mlango mmoja amekuonyesha pande mbili. Chombo cha vita si najisi. Waweza kukiuza ukanunua shamba la mitende, nawe ni sahaba mwema. Na chombo hicho hicho siku nyingine huwa karaha au haramu, nacho hakikubadilika. Waliobadilika ni watu na wakati.

Na katika Minhaj ya Imam Nawawi (aliyekufa mwaka 676 wa Hijria, ndio 1277 wa Miladi), kitabu tunachosomesha katika madrasa zetu, imetajwa kuwa kumwuzia silaha adui aliye vitani na Waislamu hakusihi kabisa. Wenye kuisherehesha wakapambanua, wakasema chuma si kama silaha, kwani chuma chaweza kuwa jembe na chaweza kuwa upanga, na mwenye kuuza hakuuza upanga. Na katika makatazo yale yale imetajwa kuuza tende mbichi na zabibu kwa mwenye kukamua tembo. Hapo wamesema: muuzaji akijua, au ikiwa dhana yake ina nguvu, kuwa mnunuzi atafanya tembo, kuuza ni haramu, akiwa na shaka tu ni karaha.

Basi kuna mtu atasema, nami nimemsikia asemaye hivi, "Mimi siuzi bunduki. Nauza unga mweusi na vipande vya risasi. Mimi ni kama muuza chuma." Jawabu ni kuwa mali yake si ya namna moja, na lazima tuipambanue kama walivyopambanua wao. Risasi ile ya madini ni chuma kweli; mvuvi huifanya chubwi ya mshipi na ya wavu, na fundi huitumia katika kazi zake. Aiuzaye risasi hana haja ya kumsaili mtu. Maganda matupu nayo ni shaba tu. Lakini fataki haina kazi nyingine duniani ila kuwasha baruti, na baruti haina kazi ila kupasuka. Hivyo viwili havikuwa upanga bado, ni kweli, lakini vimekwisha toka katika uchuma. Mimi naviweka katika hukumu ya zabibu: si silaha yenyewe hata tuseme mauzo hayasihi, wala si chuma hata tuseme huna haja ya kuuliza. Muuzaji lazima amtazame mnunuzi usoni.

Na wako watakaoona kuwa haya ni ya vitabuni tu, hayakuja kutokea kwetu. La. Yametokea, tena katika bandari yetu, na karatasi zake zipo.

Tarehe 21 Septemba 1833, katika mji wa Maskati, Sayyid Said bin Sultan alifanya mkataba na mjumbe wa Marekani aitwaye Edmund Roberts. Wamarekani walipewa uhuru wa kufanya biashara katika bandari zote za Sayyid. Lakini palikuwa na sharti moja juu ya bunduki, baruti na risasi: katika kisiwa cha Unguja vitu hivyo wasimwuzie mtu ila serikali; na katika bandari nyinginezo zote waviuze wapendavyo kwa mwenye kutoa bei kubwa. Ufikiri mkataba huo. Mtawala alijua vizuri baruti ni kitu gani, ndiyo maana hakutaka iuzwe ovyo karibu na nyumba yake. Pemba, na Mrima, na kwingineko, huko ni mwenye bei kubwa.

Na mwenye bei kubwa alikuwa nani? Alikuwa mwenye safari za bara, aendaye Tabora na Ujiji na Manyema kutafuta pembe na watu. Baruti ilipanda mabegani mwa wapagazi. Pembe ikashuka mabegani mwa mateka. Mwaka 1888 balozi wa Waingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, aliandika kuwa silaha baina ya 80,000 na 100,000 zapita Zanzibar kila mwaka kwenda bara. Wauzaji walikuwa watu wa kila kabila na dini: Wazungu, Wamarekani, Wahindi, Waarabu, na sisi Waswahili hatukukosekana. Na wengi wao, nadhani, hawakumteka mtu maisha yao yote. Walikaa dukani, wakapima, wakaandika, wakafunga duka kwenda kusali.

Sasa ujue baruti hiyo ilirudi wapi. Tarehe 15 Aprili 1872 ilipiga tufani kubwa Unguja, ikang'oa mikarafuu; ya Pemba ikasalimika zaidi. Bei ya karafuu ikapanda, na mashamba ya Pemba yakataka mikono ya kuchuma. Mwaka uliofuata, 1873, Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini. Hata hivyo waliletwa kwa siri, kwa mashua za usiku, wakashushwa katika mikoko yetu, mpaka hukumu ya utumwa ilipovunjwa Unguja na Pemba kwa amri ya Aprili 1897. Aliyeuza kasha la baruti Forodhani hakuulizwa lilikokwenda. Limekwenda bara, likavunja kijiji, na watu wa kijiji wakaja kuchuma karafuu Pemba. Tunao wajukuu zao katika safu zetu za sala, ni ndugu zetu na wake zetu na waalimu wetu. Asemaye kuwa muuza unga mweusi hana habari na unakokwenda, na awaambie hao.

Hata Wazungu wenyewe mwishowe waliogopa. Vilipozuka vita vya Abushiri bin Salim al-Harthi pwani ya Mrima mwaka 1888, Wajerumani na Waingereza waliizinga pwani kwa manowari, kuanzia Desemba mwaka huo mpaka Oktoba 1889, kuzuia watumwa wasitoke na silaha zisiingie. Kisha katika mkutano wa Brussels wakaandika mkataba, tarehe 2 Julai 1890, wa kukataza bunduki mpya na viasi katika sehemu kubwa ya Afrika. Gobori na baruti ya kawaida zikaachwa ziuzwe kwa masharti. Walifanya hivyo kwa maslaha yao zaidi, maana walikuwa wakigawana nchi na hawakupenda mwenye nchi awe na bunduki nzuri. Hilo ni kweli. Lakini ubaya wa niya yao haugeuzi lililotokea Manyema.

Basi na turejee kwa wanunuzi watatu.

Jirani mwenye muhogo hana taabu. Haja yake yaonekana kwa macho, shamba lake lajulikana, na cheti anacho. Na kumwua nguruwe aharibuye kumeruhusiwa na wanavyuoni wetu, hapana haja ya kurefusha. Huyu auziwe kwanza, na kwa bei nyepesi kuliko wengine. Akikosa fedha apewe kwa ahadi mpaka mavuno ya karafuu. Na ikiwa bei ya ahadi itazidi ya nakidi, yafaa, maadam wamekata bei moja kabla ya kuagana na muda wajulikana.

Yule mgeni wa mashua ni mtihani. Hatusemi kuwa ni mtu mbaya, dhana mbaya imekatazwa. Lakini fiqhi yatambua dalili za hali. Mtu ataka baruti yote. Haulizi marisau, wala hakutaja bunduki yake ni ya namna gani. Atoa bei mara nne wala habishani. Na kazi yake ni bahari. Kila mtu wa pwani ajua maana yake. Wako wavuvi wapasuao samaki kwa baruti, jambo ambalo limekatazwa na sheria ya Tanzania tangu 1970, nalo halijakoma kwa kukatazwa. Mshindo mmoja huua wakubwa na wachanga, walao na wasioliwa, na kuvunja matumbawe ambayo hayaoti tena kwa umri wa mtu. Samaki yule kumla si haramu, kwani maiti wa samaki ni halali, na hapo ndipo wengi hupotea: huona kitoweo ni halali wakadhani na kazi ni halali. Kazi ni uharibifu, na aiuzaye zana yake kwa kujua ni mshirika, kwa aya ya pili ya Suratul Maida ituamrishayo kusaidiana katika wema na kutukataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Watu wa Misali wanayafahamu haya. Kisiwa chao kilipotengwa kwa hifadhi mwaka 1998, wavuvi walikuja wakafundishwa kuilinda bahari kwa hoja za Qurani, na wengi walizikubali hoja hizo kuliko walivyokubali amri.

Kwa hivyo mwenye mali amwulize mgeni bunduki yake iko wapi na cheti kiko wapi. Akionyesha, dhana imeondoka. Akikasirika au akaongeza bei, basi dhana imepata nguvu, na kumwuzia ni haramu. Na ujue, mauzo kama hayo kwa madhehebu yetu husihi juu ya uharamu wake: fedha huwa mali yake, na dhambi nayo huwa mali yake.

Yule jamaa wa damu ndiye mgumu, maana kumnyima huonekana kuvunja udugu. Asema aweka tu. Lakini ameitaja sababu yake kwa ulimi wake, nayo ni uchaguzi. Hiyo ndiyo fitina aliyoichukia Imran bin Husain. Sisi watu wa Pemba hatuhitaji kuelezwa. Tarehe 27 Januari 2001 waandamanaji walipigwa risasi Wete na Micheweni na Chake Chake, watu wakauawa, na wapatao 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni katika Kenya. Walioshika silaha siku ile hawakuwa watu wa kawaida, hilo nalijua, na huyu jamaa atalitumia kuwa hoja yake. Aseme, "Laiti tungalikuwa nazo." Mimi nasema laiti hiyo itazamwe vizuri. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964 walioiendea ghala ya silaha ya polisi Ziwani, wengi wao walikuwa na mapanga na mikuki. Haukupita muda bunduki za walinzi zikawa mikononi mwao. Silaha iliyowekwa kwa kulinda nyumba haikai na mwenyewe hata siku ya haja. Humfuata mwenye nguvu. Gobori moja juu ya dari ya mtu wa Pemba haizuii askari, bali humpa sababu askari ya kuingia ndani. Kisha isipotumika juu ya askari hutumika juu ya jirani wa chama kingine, ambaye jana mlizikana pamoja.

Juu ya hayo, huyo jamaa hana cheti. Na mwenye swali alipopewa cheti chake alikubali masharti yake, na Waislamu hufungwa na masharti waliyoyakubali. Amwambie hivyo kwa upole, ampe kitu kingine, mpunga au fedha, udugu usikatike. Lakini baruti asimpe, wala kwa thamani wala bure, wala "kwa kumwekea".

Imebaki masala moja ambayo hakuiuliza mtu, nami naiongeza kwa kuwa wengi huisahau, nayo ni zaka. Aliyenunua baruti na fataki kwa niya ya biashara, ikamzungukia mwaka wa mwezi mwandamo, na thamani yake ikifika nisabu, yampasa zaka ya mali ya biashara, 1 katika 40. Na thamani inayotazamwa si ile aliyonunulia, ni ile ya sokoni siku mwaka unapotimia. Basi afungiaye akingoja bei ipande, na zaka yake yapanda pamoja nayo, hata kama hajauza kitu wala hana fedha mkononi. Ama aliyerithi vitu hivyo kwa babake, au aliyenunua kwa kutumia shambani, kisha leo akaazimia kuviuza, huyo haviwi mali ya biashara kwa niya yake peke yake. Hana zaka juu yake mpaka auze, na fedha zile zikae kwake mwaka mzima. Wallahu aalam.